Kiangazi Tulichokataa Kulaza Boti

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremshwa njiani, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nawaambia hilo mapema, nyinyi vijana mnaoshika usukani leo huku simu iko sikioni, ili nitakapoanza kujisifu mjue nilianzia wapi. Na nitajisifu. Mtu aliyefanya kazi ya maji tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe ana haki ya kujisifu kidogo mbele ya watu.

Nilikuwa nimeajiriwa kutoa maji kwenye boti ya mbao iliyopakia mizigo hapa mjini Baraka na kwenda Uvira, kaskazini mwa ziwa. Boti ilikuwa imetoka kulala mchangani kiangazi chote, na mbao zake zilikuwa zimekauka na kuachana. Tulikuwa tumeikalafati, yaani tumeziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba iliyolowa mafuta ya mawese, lakini mbao iliyokauka haitosheki kwa pamba peke yake. Inataka kukaa majini siku kadhaa ivimbe ndipo ijifunge. Basi nilikaa kwenye mataruma, hizo mbavu za boti, nikachota na kumwaga, nikachota na kumwaga, na sikuona ziwa hata kidogo. Tulipokaribia kijiji kimoja nilinyoosha mgongo, nikaona mstari mweusi unakuja juu ya maji. Nikasema kwa sauti, nikidhani nasaidia, kwamba upepo unakuja.

Abiria waliokuwa karibu nami walisogea. Kapita, ndivyo tulivyomwita kapiteni wa boti ile, mtu mfupi mwenye kofia ya pamba hata wakati wa joto, aligeuka polepole.

"We mutoto, nani alikutuma kuita ile kitu?"

"Mi nimeona tu, Kapita."

"Kuona iko kazi yangu. Maji ya ndani ya boti iko yako, ile ya inje iko yangu. Muteremushe."

Nikateremshwa. Upepo ulikuja kweli, lakini hilo halikunisaidia kitu.

Ndivyo nilivyojifunza mwiko wa kwanza wa kazi yetu. Ndani ya boti, anayetaja upepo ni kapiteni peke yake. Abiria akiutaja ameuita, na anashushwa kijiji kinachofuata, awe mwalimu au awe mama mwenye mtoto mgongoni. Niliushika mwiko ule kwa mikono miwili. Nilipopanda cheo nikawa mwendesha mota, na baadaye kapiteni, nami niliwashusha watu. Siwezi kuwataja wote. Mmoja alikuwa mchungaji wa kanisa, na alinisamehe kwa sala ndefu iliyonichosha kuliko matusi.

Jambo la pili nililolikuta katika kazi hii ni kulaza boti. Mnajua ghuba yetu ya Baraka ilivyo. Upande wa mashariki iko rasi ya Ubwari, mlima mrefu uliolala ndani ya ziwa, na nyuma yake ndiko ziwa lenyewe, wazi mpaka Tanzania. Kiangazi kikianza, upepo wa kusini unapanda ziwani na haushuki mpaka mvua zikaribie. Kwa hiyo wenye boti wa Baraka walikuwa na desturi: wimbi la kwanza kubwa likimrudisha kapiteni mmoja njiani, boti zote zinavutwa mchangani, zinapinduliwa ubavu, na zinakaa hapo kuanzia Juni mpaka Septemba. Mbuzi walilala kwenye vivuli vyake. Makapiteni walicheza karata. Jua lilikula mbao, pamba ikadondoka, na Septemba tulianza upya kuzitibu kama wagonjwa waliosahauliwa hospitalini.

Nilicheza karata viangazi vingi. Kisha vita vikatutawanya, nikakaa ng'ambo kama mkimbizi, na huko nikajifunza kushona tanga kwa bashi, yale maturubai tuliyofunikia vibanda. Niliporudi Baraka sikuwa na chochote ila kipande cha bashi, sindano nene, na kichwa kilichochoka kukaa bure. Miaka ile ya kungoja ilinifanya nichukie kukaa bure kuliko ninavyochukia njaa.

Ndipo Mama Mwajuma akanichukua. Alikuwa mfanyabiashara wa hapa hapa ufukweni, mjane, mtu wa swala tano na maneno machache. Marehemu mumewe alimwachia boti iliyoandikwa ubavuni "Mungu Iko". Ilikuwa na kifua kipana na nyuma nyembamba, ikikata maji bila kelele. Niliipenda siku ile ile, sioni sababu ya kuficha.

Niliifanyia kazi miaka miwili kwa desturi ya wote. Mwaka wa tatu, Mei, Mama Mwajuma aliniita uani kwake.

"Kapiteni, hii boti kila mwaka inakula mbao na misumari, halafu inalala mu muchanga miezi mine. Kuko mutu ya Kalemie anaitaka. Mi nafikiri nitamuuzia."

Kapiteni bila boti, kwa umri wangu ule, alikuwa mtu wa kubeba magunia.

"Unipatie kiangazi kimoja, Mama."

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kimoja," alisema. "Ikilala tena, inaenda."

Basi nikaanza kutafuta siku. Nasema kutafuta kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilizisaka moja moja. Jambo la kwanza nililoliona, ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, ni kwamba mlima wa Ubwari unaukinga upepo. Ziwa la nje likiwa limechafuka, maji ya ndani ya ghuba bado yanapitika siku nyingi. Watu wa vijiji vya Ubwari walikuwa wanahitaji Baraka kiangazi kama masika: mihogo, chumvi, soko, hospitali, arusi. Tulikuwa tumewaacha kwa sababu sisi tulijiita watu wa Uvira, na kuvuka ghuba tuliona ni kazi ya mitumbwi. Nikameza majivuno, nikavusha mihogo, matofali, na kwaya nzima ya kanisa iliyoimba kwenda na kurudi.

Kila siku niliyotembea nilichora alama kwa msumari kwenye ubao ulio karibu na usukani. Ulikuwa ugonjwa, nakiri. Siku moja nilikosa abiria, nikamwambia mwendesha mota wangu, Etungano, awashe tu. Etungano alikuwa mtu wa kuuliza.

"Kapiteni, tunaenda wapi?"

"Tunaenda."

"Tunabeba nini?"

"Tunabeba siku."

Tukazunguka ghuba boti ikiwa tupu, nikachora alama yangu. Makapiteni waliokuwa kwenye karata walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Mpaka leo wazee wenzangu wakiniona napita wanauliza nimebeba siku ngapi.

Kosa langu lilizaliwa hapo. Alama zilipokuwa nyingi nikaanza kujiona bingwa, na mtu aliyekaa wiki nyingi kwenye maji ya ndani anaanza kuyaamini. Asubuhi moja ghuba ilikuwa laini, hata majani yaliyoelea hayakusogea. Nikasema leo tunakwenda Uvira. Nikapakia Baraka, nikavuka kwanza mpaka kijiji kimoja cha Ubwari kupakia akina mama wenye vikapu vya ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu. Hao huwa wanatoka upande wa pili wa mlima, kule ziwa wazi ambako ndagala zinavuliwa na kuanikwa. Wanapanda usiku haujaisha na mzigo kichwani, wanashukia ghubani jua linapotoka. Kati yao alikuwako Mama Asende, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye vikapu vingi kuliko wote. Alipanda, akaketi, akatazama miguu yake. Nilidhani amechoka.

Tulikwenda vizuri mpaka usawa wa Banza, ncha ya kaskazini ya Ubwari. Pale mlima unaisha, na ziwa lote linakuingilia kwa nyuma ubavuni bila kubisha hodi. Wimbi la kwanza liliinua mkia wa boti mpaka mota ikalia hewani. La pili likaingia ndani. Kugeuka hatukuweza, maana ukigeuza boti iliyojaa mbele ya mawimbi ya namna ile unaipindua mwenyewe. Nikapiga kelele watose mizigo. Vikapu vya ndagala ndivyo vilivyokuwa juu, ndivyo vilivyokwenda kwanza. Mama Asende alitupa vyake kwa mikono yake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, halafu akachukua kopo akaanza kutoa maji pamoja na Etungano. Maji yalikuwa magotini. Nilishika usukani kwa mikono yote na nikaogopa, niliogopa sana, na kila nilipotupa jicho kwenye alama zangu za msumari nilitamani ningezifuta kwa ulimi.

Tulifika Mboko. Watu wote walikuwa hai. Tukakaa mchangani tumelowa, Mama Asende akakamua kitenge chake.

"Mi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Asubuhi nilikuwa pale juu ya mulima. Niliona maji ya kule yote iko mweupe na povu, mupaka mbali."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeniteremusha. Si njo sheria yenu?"

Kichwani nilimwona kijana aliyeteremshwa na Kapita siku ya kwanza, akitembea peke yake na njaa yake, akiwa ameona sawasawa. Nimeaibika mara chache maishani, na ile ndiyo iliyoingia ndani kabisa. Mwanamke yule alikuwa amepoteza ndagala zake zote na nusura roho yake kwa sababu ya kuheshimu mwiko wangu.

Nilirudi Baraka nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mwajuma, kabla watu hawajampelekea habari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Batu?" Aliuliza watu kwanza, kabla ya boti.

"Bote bako bazima, Mama."

"Alhamdulillahi. Boti muivute ku muchanga. Nitaita ule mutu ya Kalemie."

Tuliivuta. Mimi mwenyewe nilishika kamba. Katikati ya Julai, "Mungu Iko" ililala ubavu pamoja na nyingine, na mbuzi wakaja upesi kama waliokuwa wakiingojea. Nilikwenda kila asubuhi kumwagia mbao maji kwa ndoo ili zisiachane. Etungano aliniambia nafanya kazi ya mwendawazimu. Nikamwambia anyamaze achote.

Siku ya tano au ya sita, nikiwa pale na ndoo, alitumwa mtu kuniita uani kwa Mama Mwajuma. Nilidhani mnunuzi amefika. Nikakuta akina mama wa ndagala wameketi mkekani, na Mama Asende mbele yao. Alikuwa amekwisha kuanza kusema, wala hakukatiza kwa ajili yangu.

"Kiangazi njo kinakausha ndagala yetu muzuri. Na kiangazi njo munalaza maboti. Tunakausha, tunaweka ku nyumba, tunangojea, mupaka mvua inakuja inaiozesha. Kila mwaka. Mi sikuje kuomba pole ya ile yenye ilienda mu maji, ile imeshaenda. Nataka boti itembee."

"Ilitembea," alisema Mama Mwajuma, "ikataka kukuua."

"Ilitaka kuniua kwa sababu huyu hakuuliza. Sisi tunapita pale juu kila asubuhi, tunaona ziwa yote. Hakuna kapiteni hata mumoja anatuuliza. Aulize, tutamwambia. Mi nitakaa mbele ya boti, na nitasema mupepo kwa mudomo wazi. Akinizuia, sipande."

Mama Mwajuma akanigeukia. "Kapiteni?"

Vijana, msidhani ilikuwa rahisi. Nilimfikiria Kapita na kofia yake. Niliwafikiria wenzangu wa karata, na jina watakalonipa. Mwiko ulikuwa ndio ukapiteni wenyewe, ndicho kitu pekee kilichonitofautisha na mtu wa kutoa maji. Lakini nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi, na boti yangu ilikuwa imelala na mbuzi.

"Atasema," nikasema. "Na mimi nitauliza."

Mama Mwajuma alivuta shanga zake za tasbihi kidogo. "Basi, ule wa Kalemie angojee."

Tuliikalafati siku mbili, na kwa sababu ya zile ndoo haikutusumbua. Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Alfajiri tunatoka Baraka na mizigo ya aina mbili, ya Ubwari na ya Uvira. Tunavuka ghuba. Akina mama wanashuka mlimani. Kabla hawajatua vikapu, nauliza: maji ya kule iko namna gani? Mama Asende akisema iko mweupe, mizigo ya Uvira inabaki chini ya bashi, tunapakia abiria wa kurudi Baraka, siku yetu imetumika. Akisema iko na mistari tu, tunapandisha tanga, na upepo ule ule uliokuwa ukitufukuza unatusukuma kaskazini, mota imezimwa, mafuta yamo galoni. Hapo ndipo kushona kwangu kwa bashi kuliponifaa. Kurudi kutoka Uvira ndiko kulikuwa na kazi: tulibana ukingo, tukitembea saa zile za asubuhi kabla upepo haujaamka vizuri, tukilala Makobola, tukilala Mboko. Siku tatu badala ya moja. Lakini zote tatu ni siku za kutembea, na zote nilizichora.

Mama Asende alikaa mbele na kusema upepo kama alivyoahidi, na mara nyingine aliusema zaidi ya nilivyotaka kusikia. Siku moja nilitaka kupita Banza akaniambia bado. Nikamwambia naona kumetulia. Akasema, "Unaona kwa macho ya hapa chini." Tukakaa nyuma ya mlima tunakula mihogo ya kuchemsha. Kisha ziwa la nje likanguruma mpaka Etungano akaacha kutafuna.

Walituita boti ya bamama. Nilikereka mwezi mmoja, baadaye nikaona hao wanaonicheka wako mchangani nami niko majini. Mtu wa Kalemie alifika mwezi wa nane na pesa yake mfukoni. Akauliza boti iko wapi, akaambiwa imeenda. Alingoja siku tatu. Ilirudi, na kabla hajamaliza chai yake ilikuwa imepakia na kuondoka tena. Alimwambia Mama Mwajuma kwamba hawezi kununua kitu asichoweza kukishika, akarudi kwao.

Mvua zilipokaribia, Mama Mwajuma alikuja ufukweni mwenyewe, jambo asilolizoea. Akapanda, akainama kwenye ule ubao wa alama, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Ubao ulikuwa umejaa, nikawa nimehamia wa pili.

"Umeniharibia ubao," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Ule wa tatu, chora taratibu. Usiutoboe."

Hakuna sifa niliyopewa maishani iliyonipendeza kuliko ile.

Nilifanya kazi naye mpaka alipofariki, kisha na mwanawe. Kiangazi cha pili kapiteni mwingine alikuja Ubwari kuuliza maji ya kule iko namna gani, akiuliza kwa aibu, akijifanya anauliza bei ya ndagala. Mama Asende alimjibu bila kumcheka. Cha tatu walikuja wanne. Siku hizi pale juu ya mlima simu inashika, na akina mama hawana haja ya kushuka ndipo waseme. Nyinyi mnapiga simu mkiwa bado mmeketi Baraka. Ni vizuri. Lakini pigeni kwa adabu. Yule mnayemuuliza amepanda mlima na kikapu kichwani ili nyinyi mfike salama.

Niliacha kazi macho yalipoanza kuchanganya wimbi na kivuli. Sikusubiri kuambiwa. Nilimkabidhi Etungano usukani wa "Mungu Iko", na Mama Asende, ambaye siku hizo alikuwa na mvi kama mimi, alisimama mbele pale pale pake akasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba upepo wa leo ni mzuri. Nililia, na sikujificha.

Sasa nakaa karibu na bandari, napenda kusikia mota. Kiangazi hiki ameletwa shefu mpya, yaani mkuu wa bandari, mtu wa nchi kavu, alikuwa akifanya kazi ofisi za mbali na maji. Alifika Julai, amevaa viatu vya kung'aa, na daftari jipya kwapani. Alitembea ufukwe wote toka mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akasimama mbele yangu ana wasiwasi. Mchanga ulikuwa mtupu. Hapakuwa na boti hata moja iliyolala, na mbuzi walikuwa juani hawana kivuli.

"Muzee," alisema, "balinituma kuchunga bandari. Hii bandari gani haina maboti? Maboti yote iko wapi?"

Nilitazama ule mchanga mtupu, nikausoma wote.

"Iko kazini, Shefu."